Uso wa Trajani

"Kasongo, hapa Kabambare. Lete uso wa Trajani kabla jua halijazama. Ukikosa, Kassimu ananyongwa."

Redio ikakata.

Alimasi akachomeka bastola yake ya Browning kiunoni, akaruka juu ya motosikleti yake, FN nyeusi. Kuku wa mji wa Kasongo walijijua wenyewe!

Ilikuwa 1942. Alimasi alikuwa jasusi wa serikali ya Wabelgiji. Kassimu, ndugu yake wa tumbo moja, dereva tu. Alikuwa amekamatwa Kabambare na dhahabu ya Wajerumani chini ya magunia ya chumvi. Maskini, hakujua kitu! Tajiri wake, Mgriki Vasilaki, alikuwa amempa dinari ya Kirumi aionyeshe kivukoni apite. Kassimu akaona pambo zuri, akamwachia mke wake.

Vasilaki alizikusanya dinari hizo, akazilaza juu ya mahameli, kaisari kwa kaisari. Tundu la kaisari Trajani lilikuwa tupu: dinari yake ndiyo aliyopewa Kassimu. Uso ule ndio ungemfunga Mgriki.

Nuru, mke wa Kassimu, akafungua mlango.

"Shemeji, karibu. Kassimu iko wapi?"

"Ile feza, Nuru! Yenye kichwa cha mutu!"

Akaivua shingoni. Laini kama ukucha.

"Nilimupa sonara aipige nyundo. Nitaswali namna gani na sura ya mutu shingoni?"

Ya Rabi! Nyumba gani ya Kasongo isingefanya vile? Alimasi alitaka kulia, mwanamume mzima.

Hakulia. Alikwenda dukani kwa Vasilaki, akaitupa dinari mezani.

"Trajani wako, Bwana."

Mgriki akaigeuza, akaigeuza tena.

"Washenzi! Mumemuua Trajani wangu!"

Alipogundua amejitaja, mkono ulikimbilia bastola ya Walther kwenye mtoto wa meza.

Browning ilitangulia.

Vasilaki akaanguka ameshika bega. Chini ya mahameli, vifurushi vya dhahabu. Njia ya Wajerumani ikafia pale. Alimasi akarudi kwenye redio.

"Kabambare, hapa Alimasi. Vasilaki iko mikononi, na dhahabu. Fungueni Kassimu."

"Kazi nzuri. Huyo Mgriki tutamufukuza inchini kimya-kimya. Muzungu hasimami mahakamani kwa neno la mutu mweusi. Uso uko wapi?"

"Umefutwa."

"Basi, mambo ya Kassimu imekwisha: jua likizama, ananyongwa."

Alimasi akazima redio, akavaa kofia, akatembea polepole hadi kwa Nuru. Harufu ya sombe, majani ya muhogo, ilijaa kibarazani.

"Shemeji, nimuwekee Kassimu chakula?"

Akavua kofia.

"Usiweke, Nuru."