Kola Hushauri Tu

Mfumangozi ilikuwa haina haraka. Mikono yake sita, myembamba kama njiti za mshikaki, ilipanda na kushuka juu ya shavu la Mwantumu, kila mmoja ukivuta uzi ambao jicho tupu halikuweza kuuona. Palipokuwa na shimo pakawa na nyama. Uzi wenyewe ulikuwa hai: daktari alichukua chembe za ngozi ya paja la mgonjwa, akazilisha ndani ya chupa mpaka zikarefuka, kisha mashine ikazishona usoni mtu akiwa macho, hasikii ila mwasho. Ukisimuliwa utasema ni uongo. Lakini Tanga ya miaka hiyo ilikuwa imeshazoea. Mtu akiungua na gesi alikwenda kufumwa kama anavyokwenda kung'oa jino.

"Shavu limekubali," alisema Daktari Kihiyo akiizima mashine. "Tumshukuru Mungu. Umebaki mdomo."

Mdomo ndio uliokuwa shughuli. Nusu ya mdomo wa juu, upande wa kulia, haikuwapo tena. Mwantumu akinywa chai inamtoka, akizungumza anajifunika kwa ncha ya mtandio. Na kazi yake, jamani, ni kupamba maharusi! Mpambaji hukaa uso kwa uso na bibi harusi nusu siku nzima. Tangu aumwe na mbwa, maharusi wawili walishatuma shangazi zao kuja kuomba radhi, eti wamepata mtu mwingine aliye karibu na nyumbani.

"Uzi wa mdomo ni mwingine," daktari akaendelea. "Ni mwembamba zaidi, unaoteshwa peke yake, na sheria inasema aliyejeruhi ndiye agharamie. Mpaka mahakama imtaje, mikono yangu imefungwa. Lakini kovu halingoji mahakama, Bi Mwantumu. Likishakuwa gumu, uzi haushiki."

"Litangoja," alisema Mwantumu nyuma ya mtandio wake. Ubishi wa mwanamke huyu ulijulikana Ngamiani nzima.

Aliumwa asubuhi kweupe, mbele ya lango la nyumba moja ya kifahari kule Raskazone, akiwa amejitwika sanduku la mapambo. Malango ya wenye nazo siku hizo yalilindwa na mbwa wa Kampuni ya Jicho la Lango. Mbwa walikuwa mbwa wa kweli, wa nyama na manyoya. Kipya kilikuwa kola. Ndani ya kola mlikuwa na akili mnemba iliyowatazama wapita njia na kupambanua mgeni na mwizi. Ikishaamua, ilitoa amri kwa mtetemo mkali wa kuumiza shingoni mwa mbwa, na mtetemo haukukoma mpaka meno ya mbwa yazame kwenye nyama. Siku ile iliona mtu mwenye sanduku kichwani, ikamhesabu mwizi. Basi.

Kampuni haikukana kwamba kola ilikosea kuona. Ilichokana ni kulazimisha.

"Kola haimlazimishi mbwa," wakili wao, Gideoni, aliiambia mahakama kwa sauti ya mtu aliyekwishakula akashiba. "Hushauri tu, kama rafiki anayekugusa bega. Kuuma ni hiari ya mbwa mwenyewe. Na mbwa mwenye hiari mbaya dawa yake mnaijua." Wakaomba mbwa auawe upesi, kwa kumwonea huruma mama wa watu.

Huruma! Mwantumu aliposikia aliinuka hospitalini na bandeji zake, akaenda mahakamani. Alikuwa analo jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua: mbwa yule alilia kabla ya kumuuma. Alilala chini, akajiburuza kinyumenyume, akalia kama mtoto anayechapwa, ndipo akaruka. Na meno yalipozama tu alimwachia, akaenda kujificha nyuma ya nguzo ya lango.

"Mheshimiwa, mbwa asiuawe," alimwambia Hakimu Nyangasi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. "Huyo ndiye shahidi wangu pekee. Mvisheni ile kola hapa mbele yenu, muone inavyoshauri."

Hakimu alizitazama zile bandeji. "Wewe ndiye uliyeumwa?"

"Ndiye mimi."

"Na unataka aliyekuuma aishi."

"Mpaka siku ya kesi, Mheshimiwa. Baada ya hapo tutajuana mimi na yeye."

Zuio la kumuua likatolewa. Ila mahakama haina banda, na kampuni haikuweza kuachiwa kielelezo inachotaka kukiua. Kwa hiyo hakimu akaamuru aliyeomba kielelezo kihifadhiwe akihifadhi mwenyewe, nyumbani kwake, kwa ulinzi wake.

Lahaula! Mbwa, nyumbani kwa Bi Mwanjaa! Mama yake Mwantumu alikuwa mtu ambaye paka wa jirani akipita karibu na mtungi humwaga maji yote. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiliangalia lile dude jeusi likishushwa kwenye gari la mahakama.

"Mwantumu, umenusurika kuliwa, sasa unamleta mla watu hapa umlishe?"

"Si mla watu, mama. Ni kielelezo."

"Kielelezo kinatoa mate?"

Likachorwa duara la majivu nyuma ya jiko, mbwa akafungwa humo, na watoto wa mtaa wakampa jina la Shahidi. Msidhani Mwantumu alimpenda. Alimchukia. Sahani ya chakula aliisukuma kwa mpini wa ufagio, na usiku alisikia meno usoni kila alipogeuka kitandani. Lakini mbwa hakuwahi kumwinulia macho. Siku moja mvua ya vuli ikapiga kwa hasira, Mwantumu akashindwa kuvumilia kumwona anavyoloa, akamfungulia. Shahidi akampitia mbali, akajikunyata upenuni, akaweka kichwa chini. Tangu siku hiyo ufagio haukutumika tena.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara wakili ni mgonjwa, mara kola imepelekwa kupimwa. Mwantumu kila asubuhi alibonyeza kovu la mdomo kwa kidole, na kila asubuhi lilikuwa gumu kuliko jana. Daktari Kihiyo alipolipima alisema imebaki nafasi ndogo, ndogo sana.

Ndipo Gideoni alipokuja mwenyewe mpaka Ngamiani, akakaa kwenye mkeka, akakataa chai.

"Bi Mwantumu, kampuni haina roho mbaya. Tukisema neno leo, hospitali inaanza kuotesha uzi wako leo hii. Utafumwa kabla ya mwisho wa mwezi. Tunachotaka ni mbwa tu, na kesi iishe."

Bi Mwanjaa alikuwa wa kwanza kujibu. "Chukua, mwanangu. Mdomo wako na mbwa, wapi na wapi?"

Asidanganywe mtu kwamba Mwantumu hakutamani. Alitamani mpaka machozi yakamlenga. Alitamani kunywa maji mbele za watu, kucheka bila kitambaa.

"Na hao mbwa wengine, kwenye malango?" akauliza.

"Hao hawakuhusu, dada yangu."

"Na mtu atakayepita kesho na mzigo kichwani?"

Gideoni akatazama saa.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mama yake akamnong'oneza.

"Nimeshainama sana, mama. Miguu yote ya mji huu niliyoipaka hina, niliinama. Kwa hili siinami." Akamgeukia mgeni. "Kwaheri, wakili. Tutaonana kwa hakimu."

Siku ya kesi ilipofika, Gideoni alileta ombi. Kama kola kweli inalazimisha, alisema, basi mdai na asimame yeye mwenyewe mbele ya mbwa, uwanjani mwa mahakama, pasiwe na wavu wala kifunga-mdomo, ili hiari ya mnyama ionekane wazi. Alitarajia mwanamke ataogopa. Daktari Kihiyo, aliyekuja kutoa ushahidi, alimshika Mwantumu mkono.

"Usikubali. Akikuuma palepale, nyama iliyofumwa haifumwi mara ya pili. Uso utakuwa umekwisha."

"Nitasimama," alisema Mwantumu.

Hakimu akamwuliza mara mbili, akaandika jibu lake, kisha akamweka askari mwenye bunduki ya usingizi kando. Watu walijaa barazani. Shahidi akavishwa kola ileile. Mwantumu akatoka mpaka katikati ya uwanja, akavua mtandio, uso wake ukawa wazi kwa mara ya kwanza mbele ya umati. Wengi walitazama chini. Fundi wa kampuni akabonyeza kitufe ili kola itoe amri.

Masikio ya mbwa yakalala. Akaanza kutetemeka mgongo mzima, akalia kilio kilekile, akajiburuza kwa tumbo mpaka miguuni pa Mwantumu. Hakuuma. Alilia, povu likimtoka, akiubana mdomo.

Na Gideoni akatabasamu. Hapo ndipo Mwantumu alipoelewa. Mbwa akiuma, watasema ana hiari mbaya. Asipouma, watasema mnaona, kumbe anaweza kukataa, basi siku ile alitaka mwenyewe. Vyovyote vile yeye ameshindwa, na huyu hapa chini anateswa bure.

"Zimeni!" akapiga kelele. "Zimeni hiyo kola!"

"Je, mdai anaondoa ushahidi wake?" Gideoni akauliza kwa upole.

Mwantumu alifungua mdomo wake nusu kujibu ndiyo. Shahidi hakumngoja. Aligeuza kichwa, akauingiza mguu wake mwenyewe wa mbele kinywani, akauma. Watu wa nyuma walisikia mfupa. Meno yalizama kwenye nyama, na kola, kama ilivyoundwa, ikazima.

Bibi mmoja barazani akaanza kulia kwa sauti.

Hakimu Nyangasi alivua miwani. "Wakili, hapo mbwa ameshauriwa nini?"

Gideoni alifungua jalada, akalifunga.

"Nakuuliza. Hiyo nayo ni hiari yake?"

"Sina la kuongeza, Mheshimiwa."

Hukumu ilisomwa siku hiyohiyo: Kampuni ya Jicho la Lango ina hatia, na kila kola mjini ivuliwe. Vigelegele vikapigwa. Mwantumu hakuvisikia, alikuwa chini kwenye vumbi, kola ameshaing'oa kwa kucha, mtandio wake ameufunga kwenye mguu unaovuja. Mtu akapiga magoti kando yake, akakipakata kichwa cha mbwa kwenye kanga, mate na damu vikimchuruzikia. Alikuwa Bi Mwanjaa. "Tulia, baba," alisema. "Tulia, yamekwisha."

Mguu wa Shahidi ulishonwa na daktari wa mifugo, akabaki akichechemea.

Mdomo wa Mwantumu, hayo ni mengine. Kampuni ilikata rufaa ikashindwa, na uzi ulipokwisha kuoteshwa miezi ilikuwa imepita. Mfumangozi ilifanya kazi vizuri mpaka katikati, kisha mikono yote sita ikasimama. Daktari Kihiyo aliiwasha upya. Ikasimama palepale.

"Kovu limekataa," alisema. Alimpa kioo bila kumtazama. Mdomo ulikuwa umefungika, maji hayatamtoka tena, lakini umevutwa juu upande mmoja, na mstari mnene umepanda mpaka puani. "Ungefumwa ile siku waliyokuja kwako..."

"Najua, daktari. Usinimalizie."

Akalia. Alilia sana, kwa sauti, kwa ajili ya uso wake aliokuwa akiupenda na ambao hataupata tena. Daktari akatoka nje akamwacha. Mwantumu alipomaliza kulia alinawa, akaenda nyumbani, akafungua sanduku la mapambo na kutazama kipi kimekauka.

Wiki iliyofuata akapata kazi, bibi harusi wa Makorora, binti mdogo mwenye haya. Walikaa mkekani uso kwa uso, mlango umefungwa, udi unafuka. Mwantumu hakujifunika. Msichana alikazia macho mapaja yake mwenyewe, hainui uso.

"Nitazame mimi, mama," alisema Mwantumu, kalamu ya wanja mkononi. "Ukiinama hivyo wanja utakwenda kombo."

Msichana akainua uso taratibu, akauona mdomo.

"Samahani, dada."

"Samahani ya nini? Fumba jicho la kulia."