Shahidi wa Jiwe la Kunguru

Kila asubuhi kabla ya shule, Keziah Endacott aliwanywesha maziwa kwa chupa wanakondoo waliofiwa na mama zao, akanawa mikono kwa maji baridi ya bomba la uani, kisha akala uji wake akiwa amesimama. Mama yake alimwambia kila siku akae chini ale kama mtu. Kila siku Keziah alijibu kwamba amechelewa, na kweli alikuwa amechelewa, maana alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye haraka nyingi na subira kidogo.

Jumatano moja alimkuta Digory Petherick, mwanafunzi mwenzake, amekaa juu ya ukuta wa shule akichonga fimbo ya mwerebi.

"Kesho ndiyo kesho," Digory alisema. "Jiwe lako umeshalisafisha?"

"Zamani."

"Zamani lini? Mimi langu nimelisugua mpaka linang'aa."

"Lako liko kando ya barabara, mvivu wewe. Hata kuku wa kasisi wanalifikia. Langu liko juu kabisa nyikani."

"Ndiyo maana nauliza," Digory alisema, akaendelea kuchonga.

Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Kupaa. Kila mwaka wa saba, siku hiyo, watu wa parokia ya Shillabrook hutoka kanisani wakazunguka mipaka yao yote kwa miguu, kutoka jiwe moja la mpaka hadi jingine. Penye kila jiwe mtoto mdogo hushikwa mikono na miguu, akagongeshwa makalio juu yake, taratibu lakini si taratibu sana, kisha akapewa andazi la zabibu. Tangu hapo mtoto huyo ni shahidi wa jiwe lile. Kila mwaka atakwenda kung'oa magugu na kupitisha vidole kwenye herufi zake, na safari ijayo yeye ndiye atakayewaongoza watu. Wakubwa hawatii neno mpaka shahidi aseme.

Keziah aligongeshwa kwenye Jiwe la Kunguru akiwa na miaka mitano. Mwanzoni babu yake alikuwa akimpeleka. Babu alipofariki, Keziah alijaribu kwenda peke yake, akaona mlima ni mkali na upepo ni mwingi, akageuka. Mwaka uliofuata hakujaribu. Bi Honor Luscombe, mzee wa kanisa, alipomuuliza, "Jiwe lako likoje, binti?" alijibu, "Zuri, Bi Luscombe." Jibu lilikuwa rahisi, na kila mwaka lilizidi kuwa rahisi.

Alhamisi kengele ya kanisa ililia, na parokia nzima ikatoka langoni na fimbo zake za mierebi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Penye jiwe la kando ya barabara Digory alisimama kifua mbele, na kweli jiwe lake lilikuwa safi. Kasisi alivua kofia, wote wakavua, wakaimba zaburi. Sauti zao ziliingia kwenye ukungu zikapotelea humo, na Keziah, aliyekuwa akicheka na wenzake njia nzima, alihisi mwili ukimsisimka. Watu hawa walikuwa wakiimba mahali hapa kabla bibi wa bibi yake hajazaliwa. Kwa mara ya kwanza aliogopa.

Kule juu nyikani walikuwa wakisubiriwa. Watu wa Marracombe, parokia ya jirani, walikuja na trekta lenye tela lililojaa nguzo za uzio wa kutenganisha parokia hizo mbili. Kiongozi wao, Bwana Bassett, alikuwa mtu mpana mwenye ndevu nyekundu na maneno machache.

"Uzio unafuata mawe," alisema. "Shahidi wenu akionyesha, sisi tunachimba. Hatutaki maneno baadaye."

Bi Luscombe aliitikia kwa kichwa, lakini alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayehisi baridi. Alihamia shamba la chini ya nyika baada ya mzunguko uliopita, kwa hiyo hakuwahi kuliona Jiwe la Kunguru. Alichokijua ni kwamba kondoo wake wote walikunywa kwenye chemchemi iliyo karibu nalo. Chemchemi ikiangukia ng'ambo ya uzio, asingekuwa na pa kuwanywesha, na shamba bila maji si shamba.

"Haya, binti," alisema. "Tuongoze."

Keziah alitangulia. Alikumbuka bonde dogo, na mahali pa kupumzikia ambapo babu alimpa jibini. Lakini vichaka vya miiba vilikuwa vimefunika kila kitu, na ukungu ulikula vilivyobaki. Nyuma yake alisikia miguu ya watu wengi wakimfuata bila wasiwasi wowote, na hilo lilimtesa kuliko miiba. Ndipo akaona jiwe refu limesimama ukingoni mwa mteremko unaoelekea Marracombe, limelainika ubavuni kwa kusuguliwa na kondoo.

"Ni hili," alisema.

Kasisi aliinama akalitazama. "Herufi ziko wapi, Keziah?"

"Zimefutika. Mvua ya huku ni kali."

Mzee mmoja alikuna kidevu. "Mimi nilidhani liko chini zaidi."

"Wewe miwani yako mwenyewe unaitafuta ukiwa umeivaa," mkewe alimjibu. "Shahidi amesema."

Watu wakavua kofia. Bwana Bassett alitazama jiwe, akatazama upande chemchemi ilikosikika ikitiririka, akapiga hesabu kichwani. "Basi maji yako kwetu," alisema. Hakusema kwa ubaya.

Bi Luscombe aligeukia upande ule ule wa maji. "Kama mtoto amesema ni hapa, ni hapa," alisema. "Nitatafuta maji kwingine."

Keziah alitamani angegombezwa. Bi Luscombe alikuwa ameliamini neno lake, akakubali kupoteza shamba kwa ajili ya neno hilo. Zaburi ikaimbwa. Kisha wanaume wawili wakamshika Wenna, mtoto wa mwalimu, miaka mitano, nywele zimemganda usoni kwa unyevu. Ndiye aliyekuwa shahidi mpya. Alimtazama Keziah huku akining'inia.

"Nikikua, nitawaleta hapa hapa?" aliuliza.

"Mwacheni," Keziah alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mwacheni. Mwekeni chini. Si hapa. Sijui lilipo. Sijalifikia tangu babu alipofariki. Nilikuwa nadanganya kila mwaka."

Wenna aliwekwa chini polepole. Uso wa Keziah ulikuwa wa moto mpaka masikioni, na machozi yalimtoka mbele ya parokia mbili.

Bwana Bassett ndiye aliyetangulia kujibu. "Nguzo haziozi kwa siku moja," alisema. "Litafuteni."

"Tulitafute," Bi Luscombe alisema, akampa Keziah glavu zake za ngozi. Hakumtazama usoni.

Walishuka wote, watu wa Shillabrook na wa Marracombe, wakapiga vichaka kwa fimbo zao. Digory alikuwa upande wa kushoto. "Ungeniambia tu," alinong'ona. "Tungekuja wote."

"Najua."

Pale miiba ilipokuwa minene zaidi Keziah alilala kifudifudi, akajipenyeza chini yake kama sungura. Nywele zilinasa, shavu likakwaruzwa. Kulikuwa na giza na harufu ya udongo. Alinyoosha mkono akagusa kitu baridi kilichosimama. Akavua glavu.

Kwanza alihisi ukoga tu, laini na wenye maji. Kisha kidole chake kiliingia kwenye mfereji, mfereji ukapinda, na akajua kwamba ile ni herufi S, ya Shillabrook. Juu yake palikuwa na msalaba. Upande wa pili, alipozungusha mkono, palikuwa na M ya Marracombe. Na chini ya S palikuwa na shimo dogo laini, ambalo hakuna patasi iliyolichonga. Kidole gumba chake kilitulia humo sawasawa. Hapo alielewa ni nini. Watoto walikuwa wamepitisha vidole hapo, mmoja baada ya mwingine, tangu enzi ambazo hata majina yao hayakumbukwi tena, na jiwe gumu lilikuwa limeliwa na vidole vya watoto. Keziah hakuweza kuita. Alilala pale, kidole ndani ya shimo, akilia kimya kimya na kuogopa kupumua.

"Umelipata?" Digory aliuliza kutoka nje.

"Nimelipata," alisema. "Njooni polepole."

Wanaume walifyeka miiba, na Jiwe la Kunguru likasimama mbele ya watu, fupi, limeinama kidogo, herufi zake nyeusi kwa maji. Hakuna aliyeambiwa avue kofia, lakini zote zilivuliwa. Wazee walilisogelea mmoja mmoja wakaligusa. Chemchemi ilikuwa inatiririka upande wa S.

Bwana Bassett alipitisha kiganja juu ya M, akaikubali. "Maji ni yenu," alisema. "Lakini kwetu Marracombe, shahidi aliyesahau hugongeshwa upya."

"Hata kwetu," kasisi alisema.

Kwa hiyo Keziah, na urefu wake wote, alishikwa mikono na miguu na watu wazima wanne, akagongeshwa kabla ya Wenna, na safari hii hawakumhurumia. Watu walicheka, naye akacheka huku akijishika kiunoni. Andazi hakupewa.

Baadaye, watu walipoanza kushuka, Bi Luscombe alimwita kando. Kondoo wake wa kwanza walikuwa wameshafika kwenye chemchemi, wakinywa.

"Nimekasirika, binti, sitakuficha," alisema. "Uongo wako ulikuwa mdogo, ukaulisha mwaka hadi mwaka mpaka leo ukataka kunywa maji ya kondoo wangu. Jiwe haliwezi kusema liko wapi. Linategemea mtu aende alitunze, na akiulizwa aseme kweli. Watoto wote waliotoboa lile shimo walipanda mlima huu huu, kwenye upepo huu huu. Lakini leo ulikuwa umeshapona, tulikuwa tumeshakuamini, na bado ukasema. Hilo nalo sitalisahau."

"Nitakuja kila mwaka, Bi Luscombe."

"Usiniambie mimi," Bi Luscombe alisema, akamwonyesha Wenna, aliyekuwa bado amechuchumaa mbele ya jiwe na andazi mdomoni, akitafuta herufi kwa kidole. "Mwambie yule. Na uje naye."

Keziah alirudi, akachuchumaa kando ya mtoto, akaushika mkono wake mdogo, akaupeleka mpaka kwenye shimo.