Jina Ambalo Mapenzi Hakulitaja

Siku fundi Caleb alipokuja kutoka kijiji cha Wema kufunga kile kisanduku cha waifai, Mapenzi alikuwa uani akipepeta mchele, na Tarasaa ilikuwa na joto lake la kawaida, lile la kufanya mbuzi wagombanie kivuli cha choo. Fundi alipanda juu ya kiti, akatoboa ukuta, akavuta waya, akashuka. Taa za kijani zikawaka. Akamwonyesha Mapenzi jinsi ya kutazama kwenye simu yake nani ameingia na nani anaomba kuingia, wakachagua paswadi, akanywa chai akaenda zake.

Kisanduku kililetwa na mumewe, Baya, ambaye huendesha trekta huko Hola na nyumbani huja kwa nadra. Alitaka kila jioni amwone mkewe, amwone binti yao Beryl, na zaidi ya wote amwone mamake, Kadii, aliyeishi kwenye nyumba ya udongo nyuma ya ile ya matofali.

"Mama naye apewe paswadi," Baya alisema. "Nataka nimwone uso, si sauti tu."

Kadii akapewa. Na Kadii alikuwa mtu wa kugawa. Aligawa chumvi, akagawa makaa, na paswadi nayo akaigawa vivyo hivyo, kwa sauti, juu ya ua. Haukupita muda, ukuta wa Mapenzi ukaota watu. Huyu amechutama, yule ameegemea baiskeli, wengine wamejilaza kabisa kama wagonjwa wanaongoja daktari. Mtandao ukawa unajikokota. Akibadilisha paswadi asubuhi, mchana watu wamerudi.

"Mama, umewapa tena?"

"Wameniomba, Mama Beryl. Kwani inapungua?"

"Inapungua!"

"Mbona taa ni zile zile?"

Watu ukutani wakacheka. Mapenzi akaingia ndani na kuubamiza mlango.

Lakini tusidanganyane. Watu wa ukutani walikuwa kisingizio. Kilichomkera Mapenzi ni zile jioni ambazo Kadii alijitenga na simu yake akimsimulia mwanawe: mkeo ameamka jua limepanda, mkeo ameuza kuku, mkeo amecheka na mwenye duka mpaka akashika ubavu. Yote yalikuwa kweli. Ndiyo maana yaliuma.

Akaenda kwa Mzee Gona, mganga. Mzee Gona huzindika mazizi, mashamba na maduka, asije mtu mbaya akapita. Waifai alikuwa hajawahi kuizindika, lakini hakuonyesha kushangaa. Mganga akishangaa mbele ya mteja, mkate umemponyoka. Alikuja mchana, akafukia kichupa chini ya kizingiti, akafunga uzi mweusi kwenye kisanduku. Kisha akamsimamisha Mapenzi mlangoni.

"Dawa yangu ni nusu. Nusu ni mdomo wa mwenye nyumba. Taja watu wa humu. Unayemtaja anapita. Usiyemtaja atabaki nje, hata aje vipi."

"Baya. Beryl. Na mimi, Mapenzi."

Mzee Gona akatazama nyumba ya udongo kule nyuma. Moshi wa chakula cha mchana ulikuwa unatoka.

"Ni hao tu?"

"Ni hao tu."

Mzee akajipangusa mikono, akaondoka. Mapenzi akabadilisha na paswadi, na safari hii hakumwambia mtu.

Jioni Kadii akaja na simu yake. "Mama Beryl, hii imenikataa."

"Imezeeka, Mama. Si vitu vyote huzeeka?"

"Hebu nitazamie." Kadii akainua mguu aingie. Mguu ukabaki hewani juu ya kizingiti, ukatetemeka, ukarudi chini. Akajaribu mwingine. Nao ukarudi. Akacheka cheko la aibu. "Ona. Leo hata miguu imenigomea."

Mapenzi aliona. Alijua. Akageuka kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Kutoka siku hiyo Kadii hakuingia tena katika nyumba ya mwanawe. Beryl alimpelekea chakula nje. Baya akipiga na kumuulizia, Mapenzi alikuwa na jibu tayari. Amelala. Macho yanamuuma. Anasema hataki simu. Uongo ulimtoka laini kama samli.

Watu wa ukutani walichoka wakatawanyika. Akabaki Kadii peke yake. Kila mchana aliweka kigoda nje, upande wa pili wa kisanduku, akaegemeza shavu ukutani na simu kaiinua. Ndani, Mapenzi alimsikia akibonyeza na kunong'ona. Alikuwa anabahatisha paswadi. Alijaribu jina la Baya. Alijaribu Beryl. Alijaribu jina la marehemu mumewe. Alijaribu hata Mapenzi.

Mchana mmoja sauti ikakatika.

Mapenzi alifurahi kwanza, kisha ndipo akaogopa. Huo mpangilio ndio unaomla mpaka leo. Alipotoka alimkuta Kadii amekaa vile vile, shavu ukutani, macho wazi. Nzi mmoja alikuwa anatembea juu ya kioo cha simu. Kioo kilikuwa bado kinaomba paswadi.

Baya alikuja kuzika akalia kama mtoto. "Mama aliacha kunipigia. Nilimkosea nini?"

"Ni uzee tu, Baba Beryl," Mapenzi akamwambia, akimpapasa mgongo.

Kabla ya jeneza kufungwa, Baya aliiweka ile simu chini ya kiganja cha mamake. Mapenzi aliona kifuniko kikipigiliwa. Aliona udongo ukimwagwa. Akapumua.

Matanga yakaisha, Baya akarudi Hola. Mchana mmoja, Beryl akiwa shule, Mapenzi alikuwa akikunja nguo, simu yake ikalia. Maandishi yakatokea.

*Simu ya Kadii inaomba kuingia. Ruhusu. Kataa.*

Akabonyeza Kataa. Ikalia tena. Kataa. Ikalia. Nyuma ya ukuta kitu kikakwaruza, kama kigoda kinachosogezwa karibu. Kisha ikaja sauti anayoijua. Kubonyeza. Kunong'ona.

Alitoka mbio akazunguka nyumba. Hapakuwa na mtu. Mchanga ulikuwa umebonyea mahali pa kigoda.

Caleb akaitwa. Alitazama kwenye simu, akakuna kichwa. "Hii imezuiwa vizuri, lakini iko karibu sana. Mwenyewe yuko wapi?"

"Amezikwa nayo."

Caleb alikusanya vifaa vyake. Chai hakuimaliza, wala malipo hakuyataja.

Mzee Gona naye hakukubali kukaribia mlango. Alisimama mbali, juani. "Ulinificha mtu."

"Nisaidie, Mzee."

"Matanga yakiisha marehemu hurudi kwao, akawa koma, mzimu wa mji wake, akawatunza watu wake. Huyu amerudi akakuta mlangoni hakutajwa. Mtaje. Kwa sauti, mwanawe akisikia."

"Baya akijua atanifukuza. Haiwezekani nimtaje kimya kimya?"

"Nani alinyimwa mama yake? Mimi?" Mzee akageuka. "Basi kaa naye ukutani."

Mapenzi akaona atafute njia ya mkato, kwa sababu nyumba aliipenda na mume alimpenda. Mchana uliofuata alijitanda leso, akachuchumaa kizingitini, mgongo kwa sebule. Akaliteremsha lile jina kwa mnong'ono ambao hata kuku asingeusikia.

"Kadii."

Simu ikalia. Akabonyeza Ruhusu.

*Simu ya Kadii imeingia.*

Ukutani kukanyamaza. Kukawa kimya kabisa. Akaanza kutabasamu.

Simu ikaita. Namba ngeni.

"Mapenzi." Ilikuwa sauti ya Baya, chini chini. "Natumia simu ya mwenzangu. Mama amenipigia kwenye yangu."

"Nani?"

"Mama. Kwa video. Uso sijauona. Naona sebule yetu. Nakuona wewe. Umechuchumaa mlangoni, umenipa mgongo. Una leso ya kijani."

Mapenzi akaitazama leso yake.

"Hajakata," Baya akanong'ona. "Anasogea. Anakuja nyuma yako. Usigeuke."

Harufu ya mafuta ya nazi ikamfikia, na chini yake harufu ya udongo mbichi. Shingoni akahisi baridi.

"Amesimama. Ameinamisha simu. Ananionyesha kizingiti. Mapenzi, kwa nini Mama ananionyesha kizingiti?"

Mapenzi akaivuta leso usoni.

"Mapenzi!"

"Nilimfungia," akasema. "Nilibadilisha paswadi. Nikaita mganga. Nikataja watu wa nyumba, yeye nikamwacha. Alikuwa anakutafuta kila siku, Baya. Hapo ukutani. Mimi nikimsikia."

Huko Hola trekta lilikuwa linanguruma mbali. Likazimwa.

"Mtaje," Baya akasema.

"Kadii!" Mapenzi akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Kadii, mama wa Baya, ni wa nyumba hii!"

Baridi ikaondoka shingoni.

"Amekata," Baya akasema. Kisha naye akakata.

Hakuja kumpiga. Hakuja kumfukuza. Alituma mtu kumchukua Beryl, na tangu hapo hajapiga simu. Mapenzi alikichomoa kisanduku, akakitupa mtoni. Ukuta wa nje uko safi, hakuna anayeuegemea.

Lakini ndani, chumbani kwake, kuna doa limetokea ukutani. Ni jeusi, la mafuta, ukubwa wa shavu la mtu mzima, na linanuka nazi. Amelisugua. Amelipaka chokaa. Linarudi. Kila mchana huliamkia, "Shikamoo, Mama," na hakuna anayemwitikia, ila ukuta hutoa jasho.

Lilipoanza lilikuwa juu, usawa wa mtu aliyekaa kigodani. Siku hizi limeshuka. Liko usawa wa mto wake wa kulalia.