Ubavu wa Kanchoro

Kila asubuhi kabla ya kuingia kazini, Kinanu alikunywa chai ya maziwa ya ngamia kwa Ubah, kwenye kibanda nyuma ya soko la Isiolo. Aliketi akiwa ameupa umati mgongo, akichovya mandazi na kumwacha Ubah aongee kwa niaba yao wote wawili. Asubuhi hiyo tingatinga lililokuwa likichimba mtaro wa maji taka karibu na hapo lilizima ghafla. Kisha mtu akapiga kelele kwamba kuna mifupa.

"Kazi yako imekufuata mpaka kwa chai," Ubah alisema.

Kinanu alikuwa msaidizi wa mwanapatholojia, daktari anayechunguza maiti. Aliinua sketi yake ndefu ya kahawia isishike matope, akajipenyeza katikati ya watu waliokuwa wameinua simu zao kupiga picha. Ndani ya mtaro alisimama dereva wa tingatinga, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu. Alikuwa amevua koti lake na kuifunika mifupa.

"Rudi nyuma, siste. Hii si sinema."

"Mimi ni wa mochari." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie.

"Wa mochari? Wewe?" Alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kijani alichofunga kichwani. "Nilidhani watu wa mochari wana macho mekundu."

"Usikanyage hapo, tafadhali."

"Nikanyage wapi basi?"

"Popote pasipo na mtu."

Kijana akacheka, akasogea. Aliitwa Abdub. Kabla polisi hawajafika alikuwa ameshapata namba yake, akisema ni kwa ajili ya uchunguzi.

Jioni akapiga. "Mtu wetu anaendeleaje?"

"Kama ulivyomwacha."

"Na wewe?"

"Niko salama."

"Kinanu, ukiendelea kuongea mengi hivi, utanipasua masikio."

Alipiga kesho yake, na kesho kutwa. Ijumaa alimngoja langoni mwa mochari akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na manukato yaliyowafanya walinzi wapige chafya. Wakatembea wakila mabuyu. Kinanu alikuwa amevaa gauni la maua ya zambarau, ambalo mpaka siku hiyo lilikuwa la kanisani tu.

"Nakupenda, mpenzi," Abdub alisema walipofika kona ya nyumba aliyopanga Kinanu.

"Asante."

"Asante? Kwani nimekupa lifti?"

Kinanu alicheka hadi akajifunika uso. Lakini hakusema zaidi.

Kazini aliisafisha mifupa kwa brashi, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa ya mwanamume wa makamo, aliyekufa zamani sana. Mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika na kuunga vibaya, ukabaki umepinda. Miguuni kulikuwa na alama za meno ya fisi. Kwenye ubavu mmoja, upande wa mgongoni, palikuwa na mkato mwembamba ulionyooka, kama alama ya kisu kwenye sabuni. Mfupa haukuwa umeanza kupona pale. Aliyekatwa hivyo hakuishi tena.

Usiku ule Abdub alipiga, sauti yake imebadilika.

"Huyo mtu ana mkono umepinda? Wa kushoto?"

"Nani amekuambia?"

"Akko." Hilo ndilo jina la Kiborana alilomwitia bibi yake, Hamdia. "Anasema ni babake, Mzee Kanchoro. Ngamia alimvunja mkono. Aliuawa na simba akitoka Kinna na ng'ombe, wakati wa wakoloni. Daktari wa serikali akampima, wakamzika pale penye soko sasa, siku zile palikuwa nje ya mji. Alikuwa na rafiki yake Mmeru, Rimberia. Huyo alipigana na simba mpaka akararuliwa kifua. Mwanamume kweli! Kinanu? Uko?"

"Niko."

"Mbona umenyamaza?"

"Nimechoka, Abdub. Lala salama."

Rimberia alikuwa babu wa babake Kinanu. Nyumba yao kule Burat ilijulikana kama Kwa Simba, na hakuna harusi ya kwao iliyopita bila mtu kuvisimulia vita vile vya simba. Kinanu alimwazia daktari wa siku zile, chini ya turubai, na maiti iliyofikiwa na fisi kabla yake. Alikuwa na rula tu, chupa ya spiriti, na neno la shahidi mmoja mwenye majeraha kifuani. Aliulizwa kama ni simba, akasema ni simba.

Asubuhi alimpigia babake, akamweleza kuhusu mkato ule na kuhusu Abdub.

"Mfupa haujaandikwa jina la muuaji," mzee alisema. "Andika simba, tulale. Ama unataka kuuza jina la nyumba hii kwa sababu ya kijana?"

"Baba, ukweli ni..."

"Ukiandika hivyo, usirudi hapa."

Kinanu akamwambia daktari wa mochari kwamba hafai kuishika kesi ile tena kwa sababu inahusu ukoo wake, akamwomba auchunguze ubavu ule mwenyewe. Kisha akazima simu. Abdub alipiga mpaka akachoka. Mwishowe alikwenda kwa Ubah kuuliza, na Ubah, ambaye hakujua kunyamaza, akamwambia msichana yule ni wa Kwa Simba.

Abdub alimkuta Kinanu langoni mwa mochari.

"Nyinyi ndio watu wa Rimberia?"

"Ndiyo."

"Nimekusimulia usiku mzima, ukanyamaza. Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana."

"Basi nini? Sema, Kinanu!"

"Daktari hajamaliza," akasema.

"Akko anataka babake arudi mchangani. Amekaa mezani kwenu vya kutosha. Hayo mengine yaandikeni vile mnapenda." Akaenda zake bila kugeuka.

Daktari alimaliza siku iliyofuata, naye aliuona mkato ule ule. Polisi wangewasomea familia ripoti wakati wa kukabidhi mifupa. Kinanu hakuhitajika. Hata hivyo alitoka kazini, akafunga mtandio mweusi na kwenda Bulapesa, mtaa wa kina Abdub.

Akko Hamdia alikuwa ameketi mkekani uani, mwembamba, hina imekolea vidoleni. Abdub alisimama mlangoni akiwa ameikunja mikono kifuani.

"Salaam aleikum, Akko."

"Aleikum salaam. Wewe ni nani?"

"Kinanu. Wa Kwa Simba." Alipiga magoti. "Nimekuja kukuambia mwenyewe. Haikuwa simba. Babako alidungwa kwa chuma, mgongoni. Mfupa hausemi ni nani aliyekishika hicho chuma. Lakini mzee wetu ndiye alisema ni simba, na alisema uongo. Pole, Akko."

Kuku mmoja alikuwa akichakura karibu na mkeka.

"Walipomleta niliuona mgongo wake," Akko alisema. "Nilikuwa msichana mdogo wa kuchunga mbuzi. Nikasema simba hana ukucha mmoja. Nikachapwa, eti namtusi mtu aliyejitoa kwa ajili yetu. Tangu hapo sikusema tena." Alimtazama usoni. "Babako anajua uko hapa?"

"Hajui. Nitamwambia leo."

"Atakufukuza."

"Amesema nisirudi."

Abdub alishusha mikono. "Kinanu, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaondoka."

"Na nikaondoka," alisema polepole.

Akko akawaangalia kwa zamu, kisha akavuta mtandio wake mabegani. "Ya babangu umeyasema, na Mungu akubariki. Hii nyingine je? Huyu kijana hali, halali, amenichomea sufuria mbili akiwaza. Unamtaka, ama umeniletea habari za mfupa peke yake?"

"Akko, wacha," Abdub alisema.

"Nyamaza. Sijakuuliza wewe."

Kinanu aliinama. Kisha akainua kichwa, akamtazama Abdub.

"Ninamtaka," alisema. "Hata kwetu wakinifukuza, na hata nyinyi mkinikataa, ninampenda na ninamtaka."