Bei Aliyoipunguza Chiriku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kupanga vifaa vya kazi mfukoni: nyundo, msumeno, futi ya kupimia na kopo la misumari. Mama yake alikuwa fundi wa kukarabati nyumba, na sifa yake kubwa ilikuwa kuezeka paa. Lakini tangu kiwanda cha nguo kifungwe, mfuko ule ulikuwa ukitoka asubuhi na kurudi jioni bila kufunguliwa. Hali ilikuwa ngumu. Nyumba ikivuja, watu waliweka beseni chini ya tundu, maisha yakaendelea.

"Siku hizi anayetaja bei ya chini ndiye anayekula," mjomba alisema asubuhi moja huku akipuliza chai yake. Yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wa mama. "Taja ndogo, dada. Ukishaingia kazini utajua la kufanya."

"La kufanya ni lipi? Kuiba mbao?" mama akauliza. "Bati halijui kama watu wamefukuzwa kazi. Bei yake inapanda tu. Ninachoweza kupunguza ni ujira wangu, na huo nimeshaupunguza mpaka umebaki mifupa."

Chiriku alisikia yote. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kusema sana. Mjomba alidai kwamba hata usingizini alikuwa akijibu maswali ambayo hajaulizwa.

Wiki hiyo Bibi Mkunga, mkunga mstaafu aliyewazalisha kina mama wengi mtaani, alitaka kujua gharama ya kubadilisha paa lake. Mama alipanda juu, akapima, akagonga mbao moja baada ya nyingine, kisha akarudi nyumbani kupiga hesabu. Simu ya bibi ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mama akamtuma Chiriku apeleke jibu.

"Rudia bei niliyokwambia," mama alisema. Chiriku akairudia. "Haya. Usiongeze, usipunguze."

Mlangoni kwa bibi, Chiriku alipishana na fundi mwingine aliyekuwa akitoka huku akipiga mluzi. Huenda kazi ameshaipata huyu, aliwaza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako anasemaje? Huyu kijana aliyetoka amenitajia bei ya chini kweli kweli."

Chiriku akaukumbuka ule mfuko usiofunguliwa. Akamkumbuka mama anayesema ameshiba kabla sahani haijafika kwake. Kabla hajajizuia, ulimi ukateleza: akataja bei ya mama, lakini akakata robo nzima.

"Basi mwambie aje Jumamosi," bibi akasema papo hapo. "Yeye namwamini."

Chiriku alirudi mbio. "Amekubali!" alipiga kelele. Mama akamkumbatia mpaka miguu ikaning'inia. Ndipo kwa mara ya kwanza maishani mwake Chiriku alipokosa la kusema. Alijiambia kwamba mama ni fundi hodari, hatashindwa kubana hapa na pale.

Jumamosi, wakati bibi amekwenda benki, mama na mjomba walianza kuvua mabati yaliyooza. Jua lilipopanda, chumba cha kulala cha bibi kilikuwa kikitazama mbingu. Bibi akarudi, akamkabidhi mama bahasha. "Hiyo ni nusu. Nyingine kazi ikiisha, kama tulivyokubaliana."

Mama akahesabu. Akahesabu tena.

"Bibi, samahani. Hii haifiki nusu."

"Ni nusu kamili ya bei aliyoniletea binti yako," bibi akajibu, akaitaja.

Mama aliduwaa kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Nyundo aliyoibana kwapani ilimponyoka, ikaangukia rundo la mabati kwa kishindo. Wote wakamgeukia Chiriku.

"Chiriku," mama alisema kwa sauti ndogo, "ulimwambia bibi nini?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. "Niliipunguza, mama. Niliogopa tutakosa kazi." Machozi yakamtoka.

Upepo ulipita juu ya kuta zisizo na paa, ukapeperusha shuka kitandani kwa bibi.

Mjomba akasogea, akanong'ona, "Tuweke mbao nyembamba. Nani atapanda kuchungulia?"

"Upepo," mama akajibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Upepo utapanda. Na chini yake amelala bibi."

Bibi Mkunga alikuwa ameketi juu ya ndoo, mkono shavuni. "Mjukuu wangu," alisema, "yule kijana nilimkataa kwa sababu ya bei yake. Nilijiuliza, mbao atazitoa wapi? Mimi nilikuwa nimetenga fedha za kutosha. Ungenitajia bei ya mama yako, ningekubali."

Chiriku akaelewa. Basi uongo wake haukuwa na kazi yoyote!

"Nilipoona zimebaki," bibi akaendelea, "jana nikamlipia mjukuu wangu wa damu ada ya chuo. Sasa sina."

Mama alijifuta uso kwa kitambaa, akapanda ngazi tena, akakagua kila ubao. Aliposhuka, alikuwa ameshapata njia. Chumba cha kulala na jiko vitaezekwa upya kwa mbao nene, kama alivyopanga. Sebule itarudishiwa yale mabati mazima ya zamani, yazibwe matundu, hadi bibi atakapokuwa na fedha za kuikamilisha. Bibi akaafiki.

"Na mimi?" Chiriku akauliza.

"Wewe utang'oa misumari kwenye mabati ya zamani, uinyooshe yote," mama akasema. "Mjomba atakuonyesha."

Aling'oa mpaka viganja vikamtoka malengelenge. Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, na asubuhi yake Chiriku akaenda kwa bibi, roho mkononi. Kitanda kilikuwa kikavu. Sebuleni lilivuja tundu moja tu, nalo mama alipanda siku hiyo hiyo kuliziba.

Akiwa ameshikilia ngazi, Chiriku alisema, "Nisamehe, mama. Nilitaka kukusaidia tu."

"Najua, mwanangu, nami nimekusamehe." Mama alishuka, akamtazama usoni. "Lakini uongo wa huruma nao ni uongo. Njaa yetu ilikuwa kubwa, naielewa. Hata hivyo, wewe ulimvua bibi paa bila kugusa nyundo. Bei ya haki si ya kumkomoa mtu. Ndani yake mna mbao, bati, jasho, na usingizi wa mwenye nyumba. Ukikata gizani, hujui umekata kipi. Hali ikiwa ngumu, tuseme kweli, halafu tutafute njia pamoja."

Tangu siku hiyo, Chiriku akitumwa neno, hulifikisha kama lilivyo.