Mlima Ulioungua Kabla ya Mvua

Ndugu zangu wa Bunia, ninyi mliojenga vilimani na ninyi mliojenga mabondeni, tegeni masikio. Haya yalimpata Kanyere, mke wa Baudouin mfyatua matofali, na yangeweza kumpata yeyote kati yetu.

Jumamosi moja Kanyere alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Gracia, binti yake wa miaka sita, alikuwa amemshika mdogo wake Espoir asitambae matopeni. Ndani, bibi Geneviève, mama mzazi wa Baudouin, Koko kwa wajukuu, alikuwa kitandani akiimba wimbo wa kanisani. Mvua ya siku tatu ilikuwa imepungua ikawa manyunyu.

Lakini moyo wa Kanyere haukutulia. Mwezi wa kwanza Baudouin alikata mikaratusi yote ya mlimani ili achome matofali, kisha moto ukamponyoka, ukala majani hadi kileleni. Mwezi wa tatu ardhi ikatetemeka. Ukuta wa nyumba ulipasuka, na huko juu mlima nao ukachanika, ufa wa kuingiza mkono. Baudouin aliuziba ufa wa ukuta kwa udongo. Ule wa mlimani hakwenda hata kuutazama. Ndivyo tulivyo: mtu akishaziba ukuta wake, hudhani ameziba hatari.

Asubuhi ile Alphonsine, jirani wa komite ya mtaa, alikuwa amewapitia.

"Papa Gracia, mutoke hapa. Moto ilikula majani, udongo ikatikisika, sasa maji inaingia mu ile ufa. Hii vitu inasaidiana."

Baudouin alicheka. "Moto ilipita, siye tuko. Tetemeko ilipita, siye tuko. Mvua ndiyo itatushinda? Acha niende kufunika matofali yangu."

Akachukua turubai akaenda zake tanuruni. Kanyere akachukua kinu chake.

Sasa, mchi ukiwa mkononi, alisikia kimya. Kijito cha nyuma ya nyumba, kilichonguruma siku tatu, kilikuwa kimenyamaza. Alikwenda kuchungulia, akakuta mawe na matope mekundu tu. Na mvua bado inanyesha! Maji yamekwenda wapi? Kuna kitu huko juu kilichoyazuia, na hakingeweza kuyazuia muda mrefu.

Alimfunga Espoir mgongoni, akamkamata Gracia mkono, akaingia ndani mbio.

"Mama, tuende! Maji imefungwa kule juu!"

Bibi Geneviève alishika ukingo wa kitanda. "Baudouin alisema hakuna shida. Nitamungojea mutoto yangu hapa."

"Mama, nakuomba!"

Alimvuta. Mikono ya yule bibi ilikuwa na nguvu kuliko alivyodhani. Nje, mawe yakaanza kugongana. Gracia akapiga yowe. Kanyere akauachilia ule mkono.

Alikimbia upande, si chini, kuelekea kanisa lililo mgongoni mwa kilima. Nyuma yake mlima ulishuka kwa mngurumo uliomtikisa kifua. Alipopata moyo wa kugeuka, pale penye nyumba palikuwa na udongo mwekundu, bado unasogea taratibu.

Vijana wa mtaa walimtoa Baudouin tanuruni, ambako udongo ulikuwa umefika pia, mguu umevunjika. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama iko wapi?"

Kanyere aliitazama mikono yake. Gracia ndiye aliyesema: "Koko alikatala kutoka. Alisema anakungojea weye."

Baudouin akaziba masikio. Waliuchimbua mwili wa mama yake kesho yake mchana.

FUNZO

Ndugu zangu, balaa haziji moja moja kama wageni wasiojuana. Moto huuvua mlima nguo, tetemeko huuchana, mvua humalizia. Kila moja ikipita, usiseme imekwisha. Uliza imeiachia nini ile inayofuata. Panda miti pale ulipokata, panda mlimani ukautazame ufa, na ujue njia ya kukimbilia kabla ya siku yake. Kijito kikikauka mvua ikinyesha, toka. Na ewe mwenye nyumba, pima maneno yako, maana wako watu nyumbani mwako ambao hawana kinga nyingine ila kile unachowaambia.