Kiwanda Kilipokuja Kuuliza

Stumai, jirani yake Dorkas, anaapa kwamba mwaka jana wafanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya alizeti walipaka rangi mpaka kuku wake. Anasema walikuja kwa basi kutoka Singida mjini, wote na fulana za njano. Walipaka kuta za shule rangi ya bluu, kuta zilezile walizozipaka mwaka uliotangulia. Kijiji kiliwachinjia mbuzi wawili. Wanafunzi waliimba tangu asubuhi, hawakusoma. Wageni walipiga picha, wakaondoka. Jioni kuku wake akarudi nyumbani na ubavu wa bluu.

"Alikaa bluu mpaka Idi," anasema Stumai.

Kuku huyo hakuna mwingine aliyemwona. Lakini ya mbuzi na picha ni kweli. Na karibu na shule hiyo kulikuwa na pampu ya mkono iliyokufa zamani. Hakuna mgeni aliyeonyeshwa pampu hiyo.

Dorkas alikuwa na mimba ya miezi sita. Kila siku alikwenda mtoni kuchimba mchanga mpaka maji yatokee, akayateka kwa kata. Muuguzi wa zahanati alimwambia aache kubeba ndoo kubwa, asije akampoteza mtoto. Mumewe, Joseph, alimsaidia siku ambazo hakuwa shambani. Siku nyingine Dorkas alibeba mwenyewe.

Mwezi wa tano wa mwaka huu alikuja mgeni kwa bodaboda, peke yake. Alimkuta mama mkwe wa Dorkas, Mama Severina, akipepeta mtama. Joseph alikuwa akinoa jembe.

"Hodi hapa. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kigoda."

"Naitwa Jenipher. Natoka kiwandani. Mimi ndiye ninayepanga siku ya wafanyakazi kujitolea."

Joseph alisimama haraka. Yeye ni mjumbe wa serikali ya kijiji. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea simu za kiwanda.

"Karibu sana dada. Chochote mtakacholeta tutapokea."

"Ndivyo ulivyonijibu kwenye simu," alisema Jenipher. "Mara mbili. Mara mbili tukaleta rangi."

Wakati huo Dorkas aliingia uani na ndoo kichwani. Maji yalikuwa yamemlowesha mabega. Aliitua taratibu, akashika kiuno, akasalimia.

"Pole dada. Maji mnateka wapi?" Jenipher aliuliza.

"Hapo tu," alijibu Joseph.

Mama Severina alicheka. "Hapo tu ya Joseph ni ya kwenda na punda!"

Dorkas si mtu wa maneno mengi. Alimtazama mumewe, kisha akamtazama mgeni.

"Nimeondoka jogoo wa kwanza," alisema. "Sasa jua limepanda. Pampu yetu imekufa."

Joseph aliona aibu.

"Dada, kwetu mgeni haambiwi alete nini," alisema polepole. "Ni kama kuomba."

"Nakuelewa, kaka. Hata kwetu ni hivyo. Lakini sisi hatuji kama wageni wa harusi. Kiwanda kinawapa wafanyakazi siku nzima ya kusaidia jamii, na mshahara wao haukatwi. Kiwandani tuna mafundi wa mitambo. Kutwa wanafungua mashine na kuzifunga. Tukawapa brashi! Kosa letu ni kwamba hatukuja kuona. La kwenu ni kwamba hamkusema."

"Sasa tufanyeje?"

"Tuitishe mkutano. Wanaoteka maji waseme, si wanaume peke yao. Fundi wa maji wa wilaya aje aikague pampu kwanza. Sisi tutaleta vifaa na mikono. Nanyi mtafanya sehemu yenu. Kitu usichokitolea jasho, kikiharibika unamsubiri mwenyewe aje."

"Mbuzi je?" aliuliza Mama Severina.

"Mbuzi aishi, mama. Tutakuja na chakula chetu. Na watoto wabaki darasani."

Mkutano ulifanyika. Wanawake wakachagua siku, baada ya kuvuna alizeti. Kijiji kilichimba mfereji wa kutoa maji na kujenga uzio wa miiba kuzuia mifugo. Stumai na kijana mmoja walichaguliwa kujifunza ufundi.

Siku ilipofika walikuja wafanyakazi kumi na wawili. Mafundi walivuta mabomba, wakatoa mipira ya ndani iliyochakaa, wakaweka mipya. Makarani hawakujua spana, basi walibeba mawe pamoja na akina mama. Stumai alifungua pampu na kuifunga mara tatu, mpaka fundi akaridhika.

"Leo umepaka grisi mpaka kitambaa cha kichwa," Dorkas alimtania.

"Niache mie, fundi mkuu!"

Maji yalitoka mekundu, kisha meupe. Fundi wa wilaya alitia dawa, akakataza watu kunywa mpaka kesho yake. Kabla ya kupiga picha, Jenipher aliomba ruhusa. Kabla ya kuondoka, alisema atarudi mwezi wa tisa kuangalia kazi.

Mwezi wa nane Dorkas alijifungua salama zahanatini. Mtoto wa kike. Jenipher alirudi mwezi wa tisa, kama alivyosema. Alikuta pampu inafanya kazi. Stumai alikuwa amekwisha kaza nati moja iliyolegea, bila kumwita mtu.

Jenipher alipita kumwona mtoto. Dorkas alimpakatisha. Mtoto akamshika kidole, akalala.

Mama Severina alisogeza kigoda chake karibu.

"Mwanangu, dada yangu anakaa ng'ambo ya mto. Pampu yao ilikufa kabla ya yetu. Ana miaka sabini na miwili, anateka mwenyewe. Nasikia kiwanda kinachukua kijiji kimoja kwa mwaka. Na mwaka ujao mmeshapanga kwingine."

"Ni kweli, mama."

"Mwombee nafasi. Utamwombea?"

Jenipher alimtazama mtoto mapajani mwake. "Nitauliza kiwandani, mama, lakini siwezi kuahidi," alisema. Mama Severina akamtajia jina la kijiji, aliandike.